Siku Tulipotaka Kuwa Akina Walker

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko huu. Herufi zangu zinalala upande mmoja kama nyasi zilizokanyagwa, na pale nilipochanganya r na l msinicheke sana, kwa maana hata nyumbani kwetu tunazichanganya tukiongea. Kiswahili cha kuandika nilifundishwa kidogo tu, nikiwa mdogo, kule kambini Kigoma. Naandika polepole. Ukurasa wa kwanza umenichukua Jumapili mbili.

Nafanya kazi katika chumba cha kufulia cha nyumba ya wazee, Parramatta, huku Australia. Hivi karibuni ndugu wa bibi mmoja walileta blanketi la sufu, la zamani, zito, si haya mepesi ya siku hizi. Nilipolitoa majini harufu yake ikanipanda puani. Ni harufu ya kondoo aliyenyeshewa, imechanganyika na sabuni. Nikasimama nalo mkononi, maji yananidondokea viatuni, mpaka mwenzangu akaniuliza, "You right, love?" Nikamwambia niko sawa. Lakini akili ilikuwa imeshaondoka. Nilikuwa na miaka kumi na moja, niko uani kwetu Seven Hills, na mama amesimama ndani ya beseni.

Lazima niwaeleze habari ya majina yetu, maana bila hiyo hamtanielewa. Kwetu Warundi, wazazi wengi hawana jina moja la ukoo linalotoka kwa baba likaenda kwa watoto wote. Kila mtoto anapewa lake, na jina hilo linasema kitu. Baba anaitwa Ndayizeye, yaani namtumaini Mungu. Mama anaitwa Ntirandekura, maana yake hajaniachia, na aliyempa hakusema ni nani asiyemwachia, Mungu au shida. Mimi ni Konsolata Nyandwi. Nyandwi ni mtoto wa saba. Mdogo wangu ni Odeta Minani, na Minani ni wa nane. Hapo wazazi wangu walikuwa wanahesabu tu.

Siku ya kwanza tulipopelekwa shule, mama wa ofisini alipanga karatasi zetu nne mezani kama mtu anayecheza karata. Akazitazama, akatutazama. Watu wanne, majina manne. "Family name?" akauliza. Baba neno family alilijua. Akatuzungusha kidole sote wanne, taratibu, kwa fahari. "Family," akasema. Yule mama akashusha pumzi, akaandika kitu ambacho mpaka leo sijui ni nini.

Darasani mwalimu alipokuwa anaita majina, akifika kwangu alinyamaza kidogo, kama mtu aliyekuta dimbwi njiani anatafuta pa kuruka. Mwishowe wakaniita Andy. Nilikuwa na aibu sana, siwezi kumsahihisha mtu, kwa hiyo nikaitika Andy miaka miwili.

Baba alikuwa anafanya kazi ya kukata mabawa kwenye kiwanda cha kuku, si mbali na stesheni. Huko alikuwa na rafiki Mkenya aitwaye Njoroge, ambaye Jumapili moja alikuja kula kwetu baada ya kanisa. Akakuta karatasi zetu za uraia mezani. Akazisoma, akatikisa kichwa.

"Mzee, haya majina yenu ni treni," akasema. "Hawa watu wakiona CV ya hawa wasichana wataitupa kwa bin kabla wafike katikati. Tafutia watoto jina fupi. Jina ya hapa."

Baba akazikusanya karatasi. Lakini wiki ile ile alileta fomu ya kubadili jina, akaiweka juu ya friji, akaniita.

"Konso, wewe ndiye unayesoma. Tafuta jina la Kiingereza. Lakini lisiwe tupu. Nataka kujua linasema nini."

Sijawahi kupewa kazi kubwa kama ile. Nikatembea na daftari siku kadhaa, naandika majina yaliyochorwa kwenye magari ya mafundi bomba, yaliyobandikwa kwenye masanduku ya barua, yaliyochongwa kwenye ubao wa washindi pale shuleni. Halafu tukakaa mezani, mimi nasoma, wao wanaamua.

"Young," nikasema. "Ni kijana."

"Na nikifika miaka themanini?" baba akauliza. "Padri anizike akisema tunamzika kijana?"

"Bishop. Ni askofu."

Mama akapiga ishara ya msalaba. "Hilo ni kujitafutia dhambi bure."

"Short. Ni mfupi." Odeta akamtazama baba, ambaye kweli si mrefu, akaanza kucheka, na jina hilo likaishia hapo.

"Walker," nikasema. "Ni mtu anayetembea kwa miguu."

Baba akaacha kijiko. Baba yangu alitoka Burundi kwa miguu mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa mtoto, ameshika sketi ya mama yake. Mara ya pili alimbeba mabegani Yohana, kaka yetu mkubwa.

"Hilo ni letu," akasema. "Hata hao walikimbia. Walikimbia kutoka wapi?"

"Sijui, Baba."

"Mtu haitwi mtembezi kwa kwenda dukani na kurudi."

"Lakini Baba Yohana," mama akasema, "si ndilo jina la Mama Woka wa hapo nyuma ya ua? Tuitwe jina la jirani?"

"Ndiyo maana tutamwomba. Konso atakwenda kumwomba. Na amwulize habari za safari yao."

Odeta akashangilia kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Yeye alisikia Kiswahili chote lakini akijibu ni Kiingereza kitupu. Mimi sikushangilia kwa sauti, ila msiniulize nilichofanya na daftari langu la hesabu. Kurasa za nyuma zote zilijaa Connie Walker, Connie Walker, na mkia wa r nimeuvuta mpaka pembeni. Connie Walker alikuwa msichana mwingine. Alinyoosha mkono darasani. Hakuna aliyesita kabla ya kumwita.

Fomu ilikuwa ipelekwe Jumatatu. Ijumaa nikaenda kwa Bi Walker.

Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, na wakati wote alikuwa na mkasi wa kukatia maua mfukoni. Majira ya baridi yaliyopita alitupitishia blanketi la sufu juu ya ua, jeupe lenye mistari ya kijani, akisema yeye peke yake hana haja ya mablanketi matano. Nilimpenda, lakini kumwomba jina lake kulinishinda. Nikazungukia upande wa pili. Nikamwuliza kama anajua familia ya Walker ilitembea kutoka wapi.

"Kutembea?" akasema. "Hapana, kipenzi. Si kutembea huko."

Akaleta faili nene. Mume wake marehemu alikuwa ametumia miaka mingi kuitafuta asili ya jina lao. Akanieleza, nami niwaeleze nilivyosikia. Zamani huko Uingereza watu walifuma vitambaa vya sufu, na kitambaa kikitoka kwenye kufumwa kilikuwa kimelegea, kina mafuta, upepo unapita. Kwa hiyo kililowekwa kwenye pipa, na watu wakaingia humo miguu mitupu wakakikanyaga saa nyingi, mpaka kikabana na kuwa kinene. Hao wakanyagaji katika sehemu za kaskazini waliitwa walker. Baadaye mashine za maji zikaichukua kazi, jina likabaki na watoto wao.

"Na unajua kwenye pipa walitia nini, ili mafuta yatoke?" akaniuliza, macho yanamcheka. "Mikojo. Ya mtaa mzima. Ilikusanywa kwa ndoo mlango kwa mlango, ikaachwa ichache."

Nikaweka biskuti yangu chini.

"Na subiri," akasema. "Mimi nilizaliwa Tucker." Mimi tucker nilijua ni chakula, ndivyo Waaustralia wanavyosema. Lakini akanionyesha kwenye faili: kusini magharibi ya Uingereza, mkanyagaji wa vitambaa hakuitwa walker, aliitwa tucker. Na sehemu nyingine aliitwa fuller. Majina matatu, kazi moja. "Nilifunga ndoa, nikabadili jina, nikabaki kwenye pipa lile lile!" Akacheka mpaka akakohoa.

Nikarudi nyumbani taratibu sana kwa mtu anayevuka nyumba moja. Nilijua nikisema habari ya mikojo, jina limekufa. Na nikisema hawakukimbia, hawakutembea popote, uso wa baba ule wa pale mezani utazimika. Lakini nisijifanye mtoto mwema. Sikumfikiria baba sana. Nilimfikiria Connie.

"Amekubali?" baba akauliza mlangoni.

"Amekubali."

"Walitoka wapi?"

"Mbali," nikasema, nikapita kwenda chumbani.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi yenye jua. Mashine ya kufua tulikuwa nayo, lakini mama hakuamini kwamba kitu kizito kinaweza kutakata bila kukanyagwa. Akatoa lile beseni kubwa la bluu uani, akalimwagia maji ya moto birika kwa birika, akatia sabuni ya unga na blanketi la Bi Walker, akapandisha kitenge, akaingia. Kambini alifua hivyo mablanketi yote. Akatuita na sisi. Odeta akaingia anaruka. Mimi nikaingia mwisho.

Tukakanyaga. Mama anaimba, sisi tunateleza na kushikana mabega, na ile harufu inapanda. Ndipo ikanijia. Nikatazama miguu yetu sita ndani ya povu, nikajua kazi tunayofanya inaitwaje kwa Kiingereza.

Baba akaja kusaidia kukamua. Walipolinyoosha, kila mmoja na pembe zake, mama akaacha kuimba. Blanketi la kitanda cha watu wawili lilikuwa limerudi, limekuwa nene na gumu kama zulia, na kwa ukubwa lingemtosha Odeta peke yake, akikunja miguu. Na hapo hapo kichwa cha Bi Walker kikatokea juu ya ua.

"Mungu wangu, anaona," mama akasema bila kufungua mdomo vizuri. "Konso, mwombe msamaha. Mwambie sikujua."

Sikupata nafasi ya kuomba. Bi Walker alilitazama blanketi, akalitazama beseni, akaipiga ile mbao ya ua kwa kiganja.

"Mnajua mlichofanya?" akapaza sauti. "Hiyo ndiyo kazi yenyewe! Waambie, kipenzi, waambie niliyokueleza jana. Nyinyi ndio akina Walker wa kweli. Mimi nililipata kwa kuolewa tu!"

Alikuwa anacheka. Wazazi wangu wakanigeukia wote wawili.

"Anasema nini?" baba akauliza.

Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wao kwa daktari, benki, shuleni. Ningeweza kusema lolote. Ningesema amefurahi kwamba mnafua vizuri. Bi Walker asingejua, wao wasingejua, na Jumatatu fomu ingekwenda. Nilisimama na maji yanafika kwenye vifundo vya miguu. Sijui kwa nini nilisema kweli. Labda kwa sababu alikuwa anasubiri wacheke naye, na aliwaangalia kwa wema. Nikaanza, polepole, na nikasema yote, pipa, sufu, kukanyaga, mpaka nikafika kwenye ndoo.

"Mikojo?" baba akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Ya watu?"

"Ya mtaa mzima."

"Eww," Odeta akasema, akaruka nje ya beseni. "I don't want a wee name!" Yaani hataki jina la mkojo.

Mama akakaa chini kwenye nyasi zilizolowa, ameshika tumbo. "Baba Yohana! Umetafuta weee, mwisho umetuingiza chooni!"

Baba hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi.

"Jana ulisema walitoka mbali."

Nikatazama povu miguuni.

"Na kumwomba, ulimwomba?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Nilitaka tuwe Walker," nikasema, na sauti yangu ikawa ndogo sana hata yeye akainama kuisikia.

Akafuta povu mikononi. Halafu akageukia ua. "Mwulize Mama Woka swali langu moja. Huyo mkanyagaji wa kwanza, yeye mwenyewe aliitwa nani?"

Nikamwuliza. Bi Walker akaacha kucheka, akafikiri. Akasema mume wake alirudi nyuma mpaka kwa babu wa babu yake na zaidi kidogo, basi, karatasi zikaisha. Huyo wa kwanza lazima alikuwa na jina. Lakini kilichobaki ni kazi yake.

Nikamwambia baba. Akaguna. "Basi wangenikuta mimi, wajukuu zangu wangeitwa Bawa la Kuku." Hapo ndipo akacheka, na Bi Walker nilipomtafsiria akacheka tena, na ili wasinirudie mimi nikawaambia haraka habari ya Tucker na Walker. Mama akashangaa kweli kweli. Kwetu mwanamke akiolewa anabaki na jina lake.

"Aliliacha jina alilopewa na baba yake? Kwa sababu ya harusi? Na hakuna aliyelia?"

"Mwambie mama yangu alilia kidogo," Bi Walker akasema.

Mama akatikisa kichwa kwa huruma. Halafu akanivuta, nikakaa karibu naye kwenye nyasi, na akaniuliza jambo ambalo hakuwahi kuniuliza kabla.

"Konso, ukiitwa Walker, wale sita watakwenda wapi?"

"Sita gani?"

"Wa saba anakuja baada ya sita. Yohana na Espe wako Kigoma, wanapiga simu, wana watoto wao. Wanne wengine hawakufika hata umri wa kwenda shule. Hawana karatasi. Hawana picha. Hawajaandikwa popote, ila kwenye jina lako na la mdogo wako."

Hakuwa analia. Alisema kama mtu anayekueleza chumvi iko wapi.

Baba akachuchumaa mbele yangu. "Mimi nilikupa kazi ya kutafuta jina," akasema. "Sikukunyang'anya. Imalize. Unataka lipi?"

Nilitaka atoe yeye uamuzi, anigombeze, yaishe. Hakutoa. Wakasubiri wote, hata Bi Walker, ambaye hakuwa ameelewa neno.

"Nyandwi," nikasema.

"What's that, love?" Bi Walker akauliza kutoka juu ya ua.

Nikasimama. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumfundisha mtu mzima jina langu. "Nya-ndwi," nikamwambia. "Si Andy." Akajaribu mara ya kwanza, akakosa. Mara ya pili akakosa zaidi. Mara ya tatu ilikuwa karibu, tukampigia makofi.

Jumatatu fomu haikwenda. Darasani ilinichukua wiki nyingine mbili kupata ujasiri, halafu nikamwambia mwalimu. Akashukuru. Aliliandika kwa penseli kama linavyotamkwa, akalisema kila asubuhi kwa uangalifu kama mtu aliyebeba mayai.

Sitawaambia kwamba mambo yote yalinyooka. Huenda kuna kazi nilizokosa kwa ajili ya jina hili, mtu haambiwi. Hii niliyonayo walinipigia simu, na mama aliyenipigia alianza kwa kuuliza, "Nisaidie, linatamkwaje?" Nikamsaidia. Odeta anasoma chuo, na rafiki zake wanamwita Minani kabisa.

Kwa miaka yote hiyo niliamini kwamba siku ile uani tulikuwa tunaamua sisi wanne tuitweje. Mwaka jana nilikuwa nampeleka baba Penrith kwa gari, kumtazama Njoroge aliyehamia huko. Nikamtania. "Baba, leo ungekuwa Mzee Walker."

"Mimi?" akasema. "Nani alikuambia mimi nilikuwa nabadili?"

"Si fomu ulileta wewe?"

"Niliwaandika nyinyi wawili. Mimi na mama yenu tumeshazeeka na yetu. Lile lilikuwa lenu, mpite nalo mlangoni."

Nikaipita barabara ya kutokea. Tulizunguka sana kabla ya kurudi njiani, na baba akanicheka kwamba nimekuwa mtembezi.

Nilikuwa nafikiria pale mezani aliposema hilo ni letu. Yeye ndiye aliyelipenda kuliko sisi sote. Yeye ndiye aliyetembea. Na bado alichukua kalamu akajiacha nje. Alikuwa tayari watoto wake waitwe jina moja na jirani, na yeye aonekane mgeni kwao kwenye kila karatasi, ili sisi tusikwame anapokwama yeye. Kwa miaka kumi na moja niliyokuwa nayo, nilidhani anaona aibu kwa jina lake.

Kalamu imenichosha mkono, na nimewaambia mambo ambayo hata kazini sijamwambia mtu. Sasa nanyi mniambie yenu. Mniandikie, hata kwa mwandiko mbaya kuliko huu. Mniambie mnaitwa nani, nani aliwapa jina hilo, na siku anawapa alikuwa na nini moyoni. Liandikeni lote, hata kama ni refu mpaka mstari unaisha. Mimi nitalisoma polepole, kwa sauti, mpaka nilipatie.